Kivuli cha Lami

Mjukuu wangu Zuhura,

Sisi hapa Al Jaddaf hatujambo, na mama yako amepona kikohozi. Umeuliza kama uchore picha yangu kwa rangi nyeusi inayotengenezwa kwa lami, walivyofanya wachoraji wa Kiromantiki wa Ulaya wa karne ya kumi na tisa.

Giza lake ni zuri. Marehemu babu yako alilipenda. Alipomchora mama yangu, alitia lami kwenye vivuli vya uso. "Itakauka tu, inshallah," aliniambia. Haikukauka. Kwa joto la hapa ilitiririka ikafunika macho, na hatukuwa na picha nyingine yake.

Mikono aliichora kwa rangi ya udongo mwekundu. Ingali safi. Kila Ijumaa mimi huitazama na kumwombea mama.

Mimi pia unichore kwa udongo. Anza na macho.

Bibi yako