Shanga kwenye Pete Inayozunguka

Jumatatu, 4 Machi

Swali moja tu, la kukabidhi Alhamisi! Shanga imetungwa kwenye pete ya waya, mota inaizungusha pete kwa mwendo uleule, shanga inateleza itakavyo. Je, nishati ya shanga inabaki ileile? Kichwa kinaniuma tangu asubuhi. Hili somo nalirudia. Nikilifeli tena, chuo basi — nafungasha.

Profesa katukumbusha sheria yake: penseli, na asifute mtu. Ukikosea kata kwa mstari mmoja, aone ulivyofikiri. Mwenyewe ana vumbi la chaki hadi kwenye nyusi.

Jumanne, 5 Machi

Mama kapiga simu. Siku hizi unasoma nini? Nikamwambia, shanga. Mwaka wa tatu huu mwanangu, bado shanga? Nimecheka mpaka machozi — halafu machozi yakaendelea. Sijui hata nalia nini.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata! Nadhani. Kuna kitu hakibadiliki, lakini hicho si nishati. Vinafanana kama kurwa na doto, basi. Mota inasukuma — mara inaongeza, mara inapunguza. Kwa hiyo nishati HAIBAKI ileile! Nikaandika.

Jioni, maktaba. Kamusi — ndivyo tunavyomwita, hana asilolijua — kasema nishati haibadiliki, tangu lini ikabadilika? Wenzangu wote wanane wameandika hivyo. Nikaanza kueleza, nikajisikia nababaika. Kamusi kaniuliza, tena kwa upole: si wewe ndiye unayerudia?

Haya. Wengi wape. Nimefuta, nikaandika lao. Kukata kwa mstari niliona haya, Profesa angejua nimesitasita.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekabidhi.

Ijumaa, 8 Machi

Ole wangu! Profesa kaingia na karatasi zetu. Tisa, jibu moja, kasema, na wote mmekosa. Wote! Kisha akachomoa yangu, akaibandika kwenye kioo cha dirisha ipitishe mwanga. Hapa palikuwa na nini? Kamusi anatazama viatu vyake. Nikasema, jibu lingine. Lipi? Kwamba nishati haibaki ileile. Profesa akanitazama weee. Neno tupu silipi alama, kasema. Saa nane uje ubaoni utuonyeshe ulivyofika. Ukionyesha, umepita. Usipoonyesha, nasahihisha kilichoandikwa.

Sasa saa saba na nusu. Karatasi za hesabu zangu nilizitupa juzi — nilidhani za nini tena? Nimejifungia kwenye darasa tupu, nimejaza ubao mzima. Naweka pete, naweka mota, nakokotoa polepole. Mara ya kwanza: nishati haibadiliki. Nimefuta. Mara ya pili: haibadiliki. Lakini Jumatano niliipata, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu!

Saa nane kasoro dakika tano. Naisikia sauti ya Profesa koridoni, anawaambia waingie. Mara ya tatu — haibadiliki. Hii ni nishati, au ni yule doto wake?