Baba, Mama Hataki Chumba cha Uani

Shikamoo Baba,

Najua umeitikia. Basi kaa vizuri unisikilize, maana nina habari na siwezi kukaa nayo peke yangu: tunamjengea Mama chumba chini! Chumba chake mwenyewe, choo na bafu humo humo, sakafu isiyoteleza, hakuna hata kizingiti cha kuruka.

Magoti, Baba. Tangu Ramadhani Mama alikuwa hashuki kutoka ghorofani. Zile ngazi zako unazikumbuka, ulivyozibana pembeni ili zisile kiwanja, mpaka godoro tulilipandisha kwa kulikunja. Ulikuwa unasema, "Mama Zuhura lazima alale kwenye upepo." Na upepo aliupata kweli. Akawa anashinda nao dirishani, anashusha kikapu kwa kamba wauza nyanya wamwekee, anamwita mtu huko chini na kelele za Kariakoo zinammeza. Wiki iliyopita nilimsikia akimsalimia jirani mara tatu. Jirani hakuinua kichwa, Mama akafunga pazia. Niliumia, Baba, nikasema basi, hili jambo lifanyike sasa hivi.

Hapo ndipo nilipochemka, nikakosea. Nilimwita Fundi Saidi, tukapima uani, pale palipokuwa jiko la zamani. Pametulia, hapana vumbi wala spika za machinga. Nikapanda juu mbio mbio: "Mama, tunakujengea chumba uani!"

"Uani?" akasema. "Uani huwekwa masufuria. Mimi nimekuwa sufuria?"

Weee! Siku mbili nikimpelekea chai anaipokea, anageukia ukutani. Na mimi mtu mzima, niliyezaliwa na kukulia nyumba hiyo hiyo, sijui nilisahauje kwamba mgeni hafiki uani. Nilidhani nampa utulivu, kumbe nilikuwa namficha.

Siku ya tatu nikamwuliza, "Sasa unataka wapi, Mama?"

"Kwa baba yako."

Nikadhani anazungumzia kaburi. Kumbe anasema fremu yako ya duka.

Ile ya mbele, Baba, ya ushonaji. Hatujaigusa tangu ulipoondoka, cherehani iko palepale imefunikwa shuka. Nilikuwa nakaa chini ya meza yako nikiokota vifungo, wewe na futi ya kupimia shingoni, Mama mlangoni akipinda mikono ya mashati na kukutangazia kila anayepita: nani kaoa, nani karudi Songea, nani kanenepa. Ulikuwa unacheka mpaka sindano inakudondoka. "Wewe mwanamke ni redio," unamwambia, "tena betri haikuishii!" Naye anaongeza sauti makusudi.

Basi nakuomba, Baba. Fremu yako nimeifunga miaka yote hii nikidhani nakutunza, na mwenye haki nayo alikuwa juu anachungulia. Cherehani tunaihamishia ukumbini. Ukuta wa ubavuni unavunjwa, tunaongeza mpaka pale kwenye tangi la maji, na bafu litakaa hapo. Mlango tumeuchora mpana. Yaani nikiitazama ile michoro ya chaki sakafuni nataka kupiga vigelegele peke yangu.

Jana Mama alishuka kuja kuonyesha dirisha likae wapi. Alishuka kwa kukalia ngazi moja moja, mimi mbele, Fundi Saidi nyuma, tunacheka sote watatu, na mimi machozi yananitoka. Akaketi kwenye kiti chako, akaweka kiganja ukutani.

"Dirisha lianzie hapa," akasema. "Nimechoka kuona utosi wa watu. Nataka nikikaa nimwone mtu uso."

Kupanda tena amegoma. Tumemtandikia ukumbini huku chini, na tangu alfajiri anauliza fundi kwa nini anachelewa.

Nakuaga sasa, Baba, maana ananiita. Mungu akupumzishe pema, nami uniwie radhi kwa ukuta wako, tunauvunja leo asubuhi hii. Nyundo ameing'ang'ania Mama, amesema pigo la kwanza ni lake, amekaa kwenye kiti hivyo hivyo. Ukisikia kishindo usishtuke. Ni mkeo anarudi mtaani.

Kifungua mimba wako,
Zuhura