Gauni Lililokosa Mtu wa Kulijaza

Jumamosi, Julai, jioni. Ruiru.

Leo Thika ilikuwa na ile baridi ya kuuma masikio, manyunyu tangu asubuhi, na mimi nilikuwa nimevaa shati la hariri lililofunguliwa vifungo mpaka katikati ya kifua. Sikuhisi kitu. Mtu akishangiliwa na ukumbi mzima, hata baridi inamheshimu.

Ndiyo, nimesema ukumbi mzima. Tulieni, nitafika huko.

Kama ni mara yako ya kwanza kwenye blogu hii, karibu, umechelewa sana. Naitwa Kimani, lakini sokoni Thika wananiita Waya kwa sababu ya huu mwili. Nauza suruali za mitumba. Shule niliachia kidato cha pili, lakini maneno nilitoka nayo yote. Tangu nizaliwe mimi ni mwembamba. Nakula ugali wa watu wawili na bado mshipi wangu una matundu ya ziada niliyotoboa kwa msumari. Kwa hivyo Madam Stella alipopita sokoni akitafuta vijana wa onyesho lake la mitindo, alinitazama mara moja akasema, "Huyu." Hakuniomba hata nitembee.

Sawa, nilitembea. Lakini hakuniomba.

Binamu yangu Njoki pia alichaguliwa. Ni binti wa mjomba wa Kalimoni, na amekuwa akikaa kwetu Ruiru tangu mazoezi yaanze, maana baba yake hataki kusikia habari ya wasichana kutembea mbele ya watu. Huyo msichana ana mwendo. Nasema hivyo na mimi huwa sisifu watu ovyo, kazi yangu ni kujisifu. Akitembea, unafikiri sakafu ndiyo inampelekea miguu mahali pake.

Sasa, Madam ana tepu ya fundi aliyoifunga uzi mwekundu mahali fulani. Kila mazoezi tepu inazungushwa viunoni mwa wasichana. Kiuno kikipita uzi, unaambiwa asante, nenda nyumbani. Sisi wanaume hatupimwi. Shiro, rafiki ya Njoki, alipita uzi siku ya kwanza. Akaaga watu akicheka, akarudi kumsaidia shangazi yake kuuza chapati na madondo, yale maharagwe ya mchuzi. Njoki hakucheka. Uzi ulimkosa kidogo tu. Alirudi nyumbani siku hiyo akaanza kuishi kwa maji moto na tufaha.

Mathe, yaani mama yangu, alikuwa bado hajapakua, Njoki ameshasema ameshiba.

"Umeshiba nini, na sufuria hata sijaifunua?" Mathe akauliza.

"Nimeshiba tu, Tata."

Tata ndiyo shangazi, kwa wale ambao hawakulelewa vizuri. Mathe akanitazama mimi kama mimi ndiye nimeiba hamu ya Njoki ya kula. Na mimi nilikuwa nakula sehemu ya Njoki na kumtania kwamba ananinenepesha bure, kazi haitafaulu.

Lakini nilijua kwa nini anafanya hivyo. Alikuwa ameahidiwa gauni la kufunga onyesho. Atakayelivaa ndiye picha yake itabandikwa kwenye bango mbele ya duka la nguo, pale ambapo kila mtu wa Thika hupita hata kama hana shughuli. Njoki alikuwa ameshamwambia baba yake kwa simu: utaniona pale juu, ndipo utaamini ni kazi. Mjomba alinyamaza, na mjomba akinyamaza huwa anangoja ukosee.

Hiyo ndiyo ilikuwa njaa ya Njoki. Ile ya tumbo alikuwa ameiweka kando.

Katikati ya wiki Mwas alikuja kibandani kwangu. Mwas ni mwanafunzi wa sheria, amepanga chumba Kahawa Wendani, na hununua suruali kwangu kwa sababu hakuna mwingine anayembishia kwa ubora huu. Nikamwambia habari ya tepu na uzi. Akakasirika mpaka akasahau kuomba punguzo. Akasema kule Ufaransa mwanamitindo haruhusiwi kufanya kazi bila cheti cha daktari kuonyesha kwamba afya yake iko sawa, na kwamba Kenya inafaa kuwa na sheria kama hiyo.

"Wewe Mwas," nikamwambia, "serikali imeshindwa kuziba mashimo ya barabara, ndiyo ije kuhesabu mbavu zangu?"

"Mbavu zako zinahesabika kutoka Juja, bana. Hazihitaji serikali."

Kibanda kizima kikacheka. Hiyo moja nilimpa.

Lakini sikumkubalia. Nilimwambia sheria kama hiyo itanimaliza mimi ambaye Mungu mwenyewe alinikata saizi hii. Nani atanipima? Askari wa kaunti aje na mizani kama ya kupima viazi? Na hicho cheti cha daktari, si kuna watu watakuchapishia kabla chai yako haijapoa? Mwas akasema mimi nafikiria kifua changu tu. Nikamwambia kifua chenyewe kikiwa kizuri hivi, nitafikiria nini kingine?

Nilidhani nimeshinda.

Basi leo. Nilitoka kwanza na vijana wenzangu, suti za fundi wetu, na sitaki kuwachosha, lakini kuna mama mmoja mstari wa mbele aliyeangusha mkoba. Nilipofika mwisho wa jukwaa nikageuka polepole, nikatupa koti begani, na ukumbi ukasema "Wuuui!" kwa sauti moja. Hiyo sauti bado iko masikioni. Nikizeeka nitawasimulia wajukuu, na nitaiongeza kidogo.

Nikarudi nyuma ya pazia nikiwa nimeota mabawa. Ndipo nikakuta vita.

Fundi Mbugua alikuwa amefika na magauni. Leo. Saa ya onyesho. Kama unamjua fundi yeyote wa nguo katika nchi hii, hushangai. Wiki nzima alikuwa anasema "kuja kesho." Na alikuwa amefanya makosa ambayo ni fundi wa soko letu pekee angeweza kuyafanya. Vipimo alipewa na Madam, vizuri kabisa. Lakini fundi Mbugua hajawahi katika maisha yake kushona nguo bila kuacha nafasi, kwa sababu wateja wake wote hurudi wakisema nguo imewabana. Mkono wenyewe unaacha nafasi, yeye hata hayuko hapo. Halafu alikuwa amemalizia magauni kwenye dami, ile sanamu ya kuvalishia nguo.

Na dami ilikuwa yangu. Mimi ndiye nilimpelekea, nikijivuna kwamba nasaidia.

Sasa, mnajua dami zetu. Hazifanani na zile za kwenye magazeti ya ng'ambo. Za kwetu zina nyonga, tena nyonga za maana, kwa sababu mteja wa Thika anataka kuona suruali ikiwa na kazi ya kufanya. Magauni yalikuja yakiwa yameshonewa mwanamke wa plastiki aliyekula akashiba.

Yalipovaliwa na wale wasichana, yalikuwa mapazia.

Madam alipiga kelele mpaka kipaza sauti cha ukumbini kikanyamaza kusikiliza. Fundi akasema, "Si wataongezeka tu, Madam?" Nilitaka kucheka nikaona si wakati. Badala yake nikatoa dawa, maana kwenye mitumba kuna ujuzi wake. Unachukua pegi za kuanikia nguo, unakusanya nguo mgongoni, unabana. Mbele, mteja anaona imemkaa kama ngozi. Nyuma ni mambo ya ndani. Nikabana gauni la kwanza, la pili, la tatu. Wakatoka, wakaambiwa wasigeuke, warudi kinyumenyume kama wanaaga mfalme. Watu walidhani ndiyo mtindo mpya. Nilikuwa shujaa, bana. Madam aliniita "mwanangu."

Akabaki Njoki na gauni la kufunga.

Gauni la rangi ya parachichi, la kuburuta chini, zuri mpaka unataka kuliamkia. Nikakusanya kitambaa mgongoni kwake. Nikabana. Bado. Nikabana tena. Nikaona mgongo wake, ule mstari wa mifupa, kama shanga zilizopitishwa kwenye uzi. Mimi ni mwembamba tangu kuzaliwa na mgongo wangu hauko hivyo. Alikuwa anatetemeka, na si baridi, kwa sababu mle ndani tulikuwa tunachemka.

"Njoki, umekula nini leo?"

"Bana tu, Waya. Nitakula baadaye."

"Baadaye lini?"

Akaporomoka juu ya gunia la viatu, pegi zikapasuka mgongoni moja baada ya nyingine kama bisi, na gauni likamshuka mpaka kiunoni. Nikamfunika na shati langu la hariri. Hapo ndipo nilihisi baridi.

Nje mshereheshaji alikuwa ameanza kutangaza vazi la mwisho. Madam akatazama kile chumba, kila msichana.

"Nani anaweza kujaza hili gauni?"

Chumba kimejaa wasichana warembo, na hakuna hata mmoja wa kulijaza. Uzi ulikuwa umewachuja wote mpaka wamebaki wa kubanwa na pegi.

Njoki ndiye aliyesema. Kwa sauti ndogo, akiwa pale chini kwenye gunia. "Shiro. Yuko mlangoni anauza chapati."

Nikakimbia. Shiro alikuja na aproni yake na sahani mkononi, akaambiwa avae. Akamtazama Madam.

"Mimi? Si ulinifukuza? Si nimepita uzi?"

"Shiro, tafadhali."

"Shika hii basi," akamwambia Madam, akampa sahani ya madondo aishike. Madam Stella! Na kucha zile!

Gauni lilipanda likakaa. Bila pegi hata moja. Fundi Mbugua akasema, "Nilijua tu," na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumpiga.

Shiro hajui kutembea jukwaani. Alitembea kama mtu anayeenda kudai chenji. Lakini alipofika mwisho aligeuka, kwa sababu alikuwa na haki ya kugeuka, na akina mama wa sokoni wakasimama wote wakapiga ngemi, vile vigelegele vyetu, mpaka bati likaitikia. Mmoja alipaza sauti, "Huyo ni wetu! Huyo tunamtambua!" Shiro akacheka kwa mdomo wote na kuwapungia kama mbunge. Walimshangilia kuliko walivyonishangilia mimi. Nimeandika hivyo hadharani, ili mjue mimi ni mtu mkweli.

Njoki aliona yote kupitia upenyo wa pazia, shati langu limemzunguka, sahani ya Shiro miguuni, haijaguswa. Alilia. Bango lilikuwa limeenda kwa Shiro. Alijikausha kwa ajili ya gauni, na gauni likamkataa kwa kukauka. Sikuwa na utani. Mimi, Waya, sikuwa na hata mmoja.

Nikawaza juu ya mjengo. Kabla ya suruali nilibeba mawe kidogo huko Theta, kwenye zile nyumba mpya. Pale msimamizi hakuulizi kama wewe ni mrefu au mfupi, lakini ni lazima akupe kofia ngumu, na akikupandisha juu bila kofia ukaanguka, kuna mtu atajibu. Si wewe. Yeye. Hiyo ndiyo sheria ninayoitaka. Isinipime mimi, mimi sina makosa, nilizaliwa hivi. Impime mwenye tepu. Mtu akimwambia msichana ajikaushe ndipo apate kazi, huyo ndiye aitwe. Kwa hivyo Mwas ana haki nusu, na nitamwambia kwa sauti ndogo sana asije akavimba.

Lakini ngoja nimalize.

Tulipofika nyumbani Mathe alikuwa ameshapika. Alimtazama Njoki, akaweka chapati na mchuzi mezani, akaketi mbele yake. Njoki akachukua kipande. Akakishika. Akakishika tu. Na simu yangu ikalia, ni Madam, na simu yangu sikio lilikufa, natumia spika tu, kwa hivyo kila mtu huongea nami mbele ya kijiji.

"Waya! Watu wamependa! Nina onyesho lingine hapo kwenu Ruiru na wewe uko ndani. Na Njoki pia, gauni la kufunga ni lake, safari hii nitashonesha kwa saizi yake kabisa. Mwambie tu abaki vile alivyo. Asiongeze kitu, umesikia? Asiongeze kitu."

Kile alichokitaka Njoki kilikuwa kimeletwa mpaka karibu na sahani.

Njoki akatazama simu. Akatazama kipande cha chapati. Akakitia mdomoni chote, mashavu yakavimba, na akasema huku anatafuna, "Mwambie nakula."

"Na mwambie anakula kwangu," Mathe akaongeza, akiinamia simu kama ana hasira nayo.

Na mimi, na kifua changu chote, na ile Wuuui bado masikioni, nikasema, "Madam, hata mimi niko mezani."

Akakata.

Kwa hivyo sijui kama bado niko ndani. Nilipiga meza kwa furaha mpaka mchuzi ukamwagika, Mathe akanifokea, Njoki akacheka kwa mara ya kwanza wiki hii. Alikula nusu. Akasema tumbo limesahau kazi. Mathe akasema litakumbushwa kwa uji.

Nina furaha hata vidole vinakosea herufi. Ila kuna kitu kinanikwaruza. Leo Njoki alikuwa na sisi pale mezani, watu watatu dhidi ya simu moja. Msichana mwingine aliyepanga chumba peke yake, anayeitaka kazi kama Njoki alivyoitaka, akipigiwa simu ile ile aambiwe asiongeze kitu, ni nani atakayejibu kwa niaba yake?