Mama Alipokula Yai Iringa

Temeke,
Dar es Salaam,
3 Agosti 1954.

Mpendwa Shangazi Felicitas,

Shikamoo Shangazi. Goti lako linaendeleaje? Tulisikia kwamba upepo umeangusha migomba huko Bukoba, nasi tukawaombea kanisani. Sisi hapa tu wazima, Mama amenenepa kidogo, na Baba pia ni mzima ingawa wiki iliyopita alikuwa kimya sana. Sababu utaiona mbele. Tafadhali usimsomee Bibi barua hii kabla hujaimaliza wewe mwenyewe.

Nilikwambia zamani kwamba masista wa Iringa wana shule ya bweni ya wasichana, na kwamba natamani sana kusoma huko darasa la tano. Sista Mkuu alitaka kuwaona wazazi wote wawili pamoja nami kabla ya kunipa nafasi. Baba hakukataa, wala hakukubali. Alisema atakwenda kuona kwa macho yake. Basi alipopata likizo bandarini, aliazima gari la rafiki yake Bwana Anselmo, ambaye huuza ng'onda. Gari ni zima, lakini linanuka samaki wakavu hata madirisha yakiwa wazi. Kila tuliposimama, paka walikuja kutulaki.

Mama alipakia ndizi za kupika, sufuria na mkaa, kwa sababu alijua njiani watatupa nini. Wewe unajua mila ya kwetu, Shangazi: mwanamke hali kuku wala yai. Lakini watu wa huku hawaijui, na mgeni akija kwao kitu cha kwanza ni kumkimbiza kuku.

Tulisimama kwanza Ruvu kwa Bwana Mwinshehe, aliyewahi kufanya kazi na Baba bandarini. Mkewe, Bi Mwanakombo, alimchinja jogoo akampika kwa nazi, pamoja na wali. Harufu yake ilishinda hata ile ya gari. Mama aliona haya kueleza mila mbele ya jogoo aliyekwisha kufa kwa ajili yetu, akasema tumbo linamuuma.

"Masikini shoga yangu!" akasema Bi Mwanakombo. "Mie siwezi kukuacha hivyo. Ngoja nikuchemshie mwarobaini."

Mama alikunywa kikombe kizima. Mimi nilipoulizwa, nilisema tumbo haliniumi hata kidogo, ila sina njaa. Baba alikula sehemu yake, ya Mama na yangu, akasema si adabu kubakiza chakula cha watu.

Morogoro tulilala kwa Mwalimu Kasiani. Kuku tena, wa kukaanga. Mama alisema jino linamuuma, akapewa karafuu aitafune. Baba alikula kwa niaba yetu. Asubuhi kabla hatujaondoka, mke wa Mwalimu alimkuta Mama barazani akipika ndizi zake, akashangaa jino gani hilo linaloogopa kuku lisiogope ndizi. Kule Mikumi tulinunua mahindi ya kuchoma, nami nikayala mpaka kwenye kigunzi. Lakini kibandani palikuwa na kuku wa kubanika pia, na Baba alisema itakuwa dharau kumpita.

Kwenye mlima wa Kitonga gari lilikataa kupanda. Ilibidi Baba akae kwenye usukani, na mimi na Mama tusukume. Ndizi zilikuwa zimekwisha.

"Sukumeni kwa nguvu!" Baba akapaza sauti.

"Nguvu zote unazo wewe, Baba Jovina," Mama akajibu. "Umekula za watu watatu."

Shule ni nzuri, Shangazi. Ina madirisha ya vioo na bustani ya kabichi. Sista Mkuu ni mzee, anasema Kiswahili vizuri. Alinipa kitabu nisome, nikasoma bila kukwama, akatikisa kichwa kwa furaha. Kisha alitukaribisha chai, na mezani palikuwa na bakuli la mayai ya kuchemsha. Akaeleza kwamba huko ni baridi na wasichana wadhaifu huugua, kwa hiyo kila msichana lazima ale yai siku ya Jumapili. Asiyekula hapokelewi.

Baba akaweka kikombe chini. "Sista, kwetu wanawake hawali mayai wala kuku."

"Kwa nini?"

"Ni heshima," Baba akasema.

"Na wanaume?"

"Wanaume wanakula," Baba akasema, "kwa taabu tu."

"Kwa taabu!" Mama akaangua kicheko mpaka chai ikamwagika. "Sista, huyu ametaabika na kuku watatu toka Ruvu!"

Halafu Mama alichukua yai, akalimenya polepole, akalichovya kwenye chumvi, akalila lote. Sote tulimtazama kama mtu aliyeingia mtoni. Akafuta midomo. "Kumbe ni kitu laini tu hivi," akasema. Nikanyoosha mkono kwenye bakuli, lakini Mama akanizuia. "Wewe mngoje baba yako."

Baba alimwambia Sista kwamba atamletea jibu kabla ya Agosti kwisha.

Wakati wa kurudi Mama hakuumwa jino wala tumbo. Tulipofika Ruvu alikula paja, na Baba akapata shingo na ubawa. Bi Mwanakombo alipiga vigelegele. "Mwaona! Mwarobaini wangu huo!" Mimi nilikula wali mtupu.

Hapa nyumbani Baba alikaa siku nyingi bila kuitaja shule, nami nikaogopa kuuliza. Nilifagia uwanja mara mbili kwa siku. Mama aliniambia ninyamaze tu, mtu aliyeshiba sana hukawia kufikiri.

Juzi Jumapili, baada ya misa, Mama alipika kuku. Baba alivuta bakuli, akamgawa yeye mwenyewe. Akachukua paja, akaliweka kwenye sahani yangu.

"Kula," akasema. "Huko milimani ni baridi."

Nilikula, Shangazi. Nililia pia, nikasingizia pilipili.

Nisalimie Babu Leonardi, Mama Mdogo Hilaria na watoto wake wote. Bibi umwambie polepole, akiwa ameketi na ameshiba. Mwambie Mama atakuja mwenyewe kumweleza, na kwamba mimi nitasoma kwa bidii. Mungu akutunze, na goti lako lipate nguvu mpya.

Ni mimi mwanao ninayekupenda na kukukumbuka,

Jovina Apolinari