Sikukidharau Chakula Chako

Mama,

Nakuandikia kutoka Nakuru, kwenye benchi la hospitali. Ziwa limefunikwa na ukungu, na ndege wake wa rangi ya waridi wanaelea kama ndoto. Nawaonea wivu zile shingo ndefu, chakula kinavyoteremka bila kukwama.

Daktari anasema ugonjwa huu uliokaza ngozi ya vidole vyangu umekaza na njia ya chakula. Hauponi, ila amenipa dawa nyeupe kama chokaa inayotuliza moto kifuani. Leo nimemaliza kiazi kizima, polepole, kwa maji.

Mama, nilipokuwa nikirudisha sahani yako na chakula ndani, sikukidharau. Kilikuwa kinakwama kifuani, nikaona haya kusema, nawe ukaacha kunipakulia.

Mungu akutunze huko Olenguruone. Nikirudi, nipakulie tena.

Mke wa mwanao,
Wanjiru