Nyuma ya Shuka la Picha

Bweranyange, Jumamosi, 1954

Mvua ilianza alfajiri, ikakatika mchana. Laiti ingeendelea, watu wasingekuja.

Leo nimefanya jambo la aibu, na hakuna anayelijua ila mimi na Mama Kokugonza.

Huyu mama ndiye anayezisemea picha za kuchorwa kila gari la sinema linapofika huku Karagwe. Filamu zenyewe hazina maneno. Yeye husimama kando, akawa kuku, akawa mbweha, akawa bibi kizee mwenye shamba, yote kwa Kinyambo, na watu wakasahau kwamba anayesema ni mtu mmoja. Mimi ni mwimbaji wa Bukoba. Nina sahani moja ya santuri inayopigwa madukani, basi.

Juzi bwana anayesimamia sinema, asiyejua Kinyambo, aliniambia kwa Kiswahili, "Jina lako litajaza ghala." Nilikubali bila kuuliza nachukua nafasi ya nani.

Ghala la kahawa lilijaa kweli. Madirisha yakazibwa kwa mablanketi, mashine ikawashwa. Kuku wangu akasema kama mimi. Mbweha naye kama mimi. Watu walioingia kwa vigelegele wakanyamaza, hata mtoto mmoja akauliza, "Mama, sasa anayesema ni yupi?"

Mkanda wa kwanza ulipokwisha nilimfuata Mama Kokugonza. Alikuwa amekaa juu ya gunia, nyuma kabisa.

"Mama, nisaidie."

"Nije mbele?"

"Hapana, mama. Ukae nyuma ya shuka la picha. Mimi nitachezesha midomo tu."

Alinitazama. Kisha akainuka, akaenda.

Mkanda wa pili, kuku alitaga kwa makelele, mbweha akabembeleza mlangoni kama mkwe aliyekuja kuomba mke, na ghala zima likacheka mpaka watu wakashikana mabega. Mimi nilisimama mbele yao nikifungua na kufumba mdomo.

"Mnaona?" yule bwana akawaambia watu mwishoni. "Mtu mmoja, sauti tatu!"

Wakanipigia makofi. Nikainama.

Nikainama!

Halafu akanivuta kando. "Kuanzia kesho, huko Kituntu, ni wewe tu. Yule mama hatumhitaji tena."

Nilijibu, "Sawa, bwana." Maneno mawili. Hayo ndiyo yanayonichoma kuliko makofi.

Mlangoni nilimkuta Mama Kokugonza akijitanda kanga. Nilimwambia anisamehe. Sijui kama alikuwa amesikia tulichosema.

"Mbweha usimkimbize, mwanangu," akasema. "Avute pumzi kwanza, ndipo aseme."

Akashika njia yake, akapotelea migombani. Afadhali angenitukana.

Asubuhi gari linakwenda Kituntu, na nimewekewa kiti cha mbele, karibu na dereva. Kabla sijapanda nataka kumweleza yule bwana sauti zile zilikuwa za nani. Ni maneno machache, hata Kiswahili changu kinayatosha.

Lakini leo sikuyasema. Kesho nitayasema kweli?