Saa ya Kapteni Mkononi mwa Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba unisome hadi mwisho kabla hujaanza kunigombeza, maana nakusikiliza kila alfajiri redioni nikiwa nakimbia na najua ulimi wako.

Mimi ni fundi friji, nina mke, na baba mkwe wangu anaishi nasi ghorofa ya juu tangu afiwe na mama mkwe, mzee mpole, hana neno na mtu. Miezi michache iliyopita moyo wangu ulianza kupiga ovyo, mara unakwenda mbio, mara unaruka pigo, daktari akanipa vidonge akasema mazoezi ruksa, ila msimu huu wa baridi nisikimbie nje alfajiri, nisubiri jua, nianze kwa kutembea, nifunike pua na mdomo. Sasa mshauri, mimi ndiye kiongozi wa kikundi cha mbio mtaani, wananiita Kapteni, na tunatoka wakati vioo vya magari bado vina barafu, Kapteni hawezi kujitokeza jua limeshapanda, kajifunika uso kama bibi harusi, halafu isitoshe baridi ndiyo kazi yangu, tunajuana.

Mke wangu akaninunulia saa inayopima mapigo na kuyapeleka kwenye simu yake, naye hutoka mapema kwenda kufua mashuka ya hoteli, huko anachungulia simu kila akipata nafasi. Kwa hiyo akishatoka namwachia baba mkwe saa, akae nayo kwenye kochi, mke aone mumewe katulia. Sikumfunga mkononi kwa nguvu, namheshimu, nilimwekea mezani nikamwomba. Akaniangalia kidogo, akasema, "Nenda mwanangu, ila usichelewe," akaivaa.

Juzijuzi mke wangu akarudi macho mekundu, anasema mapigo yangu ya asubuhi yameharibika, yanakwenda mbio nikiwa nimekaa, yanaruka, yanazubaa, akanikokota kwa daktari, daktari akanipima akakuta niko sawa, dawa inafanya kazi, akabaki anakuna kichwa. Mimi sikukuna kichwa, nilijua mapigo ni ya nani. Lakini nikisema ni ya mzee itabidi niseme saa ilifikaje mkononi mwake. Na mke wangu kanipiga marufuku kubeba kitu chochote kizito, kwa hiyo mtungi wa gesi umepandishwa ngazi na baba yake. Nilimfuata nyuma mikono mitupu, akisimama kupumua nami nasimama. Nampenda yule mzee, sitaki afe, na sitaki kufukuzwa nyumbani. Nifanyeje? Usinitaje, tafadhali, naye hukusikiliza pale kwenye kochi.

Kapteni

Kapteni,

Nimekusoma hadi mwisho, kama ulivyoomba. Sijui kama imekusaidia.

Kwanza pole. Mtu aliyezoea kuwa mbele akiambiwa akae ndani huona kama maisha yamemwacha, na hilo sikucheki. Ila baridi unayoijua wewe ni ya ndani ya friji, unaifungulia mlango ukitaka na kuufunga ukichoka. Hii ya alfajiri unaivuta kifuani huku unakimbia. Mishipa inabana, moyo unafanya kazi maradufu, na wako ulishasema hauko sawasawa. Daktari hakukukataza mbio, bwana. Alikukataza ujinga.

Waambie wenzako ukweli, mtoke jua likichomoza. Pasha mwili joto ndani kwanza, vaa nguo juu ya nguo, kofia, skafu puani, tembea kabla ya kukimbia, na asiwepo mtu anayekimbia nawe bila kujua una shida gani. Kifua kikibana, kichwa kikizunguka, simama hapohapo na uombe msaada. Atakayekucheka kwa skafu, mwache acheke. Na saa uvae mwenyewe.

Hayo ni yako, na ndiyo madogo. Kubwa ni kwamba umejua mzee anaumwa, ukamtazama akipandisha gesi, ukaogopa kununiwa. Mkeo atanuna, na ana haki. Atanuna, atalia, atakuuliza maswali usiyoyapenda, kisha atakupa chakula. Akimzika baba yake halafu akaja kujua, hicho chakula usikitegemee. Kwa hiyo leo hii unamwambia yote, bila kupunguza, na mzee anapelekwa kupimwa, na yale yaliyoandikwa kwenye simu ya binti yake yanakwenda naye, maana ni yake.

Umeniomba nisikutaje, na sikukutaja. Lakini hukuniomba nisimsalimie mkweo.

Mzee wangu, shikamoo. Najua uko kwenye kochi unanisikiliza, na najua kilichoko mkononi mwako. Usishtuke, usiinuke, hakuna anayekulaumu, ulimfichia mkweo aibu na ni wema. Sasa basi, inatosha. Saa iache hapohapo, chukua simu, mpigie binti yako, mwambie, "Mapigo yale ni yangu." Maneno hayo tu, mengine atayamaliza Kapteni. Kama kifua kinakubana sasa hivi, mgongee jirani upande wa pili, akupeleke hospitali, usisubiri mtu.

Na wewe Kapteni, huko unakokimbia ukinisikiliza, nakuona umekwishageuza njia kurudi nyumbani. Tembea. Hospitali iwe na mgonjwa mmoja tu leo.